Picha Siitaki, Nipeni Herufi

Kazi yangu ni maneno. Tangu Kiswahili kifanywe lugha rasmi hapa Rwanda mwaka 2017, nafasiri barua, mikataba na mialiko ya harusi, nikiwa chumbani kwangu Niboye. Kwa kazi hiyo sihitaji picha hata moja. Lakini laptopu ya mtumba niliyouziwa ina kadi mbili za picha: moja ya kawaida, nyingine ya wacheza gemu. Hiyo ya wacheza gemu ndiyo inayonila roho.

Nawasha Linux. Nembo inatokea, kiduara kinazunguka kidogo, kinaganda. Basi.

Afadhali ingekufa tukajua tumefiwa. Nabonyeza Caps Lock, kitaa chake kinawaka na kuzimika kwa utiifu. Maana yake ndani kuna uhai. Imeamka, inanisikia, ila haitaki kuonana nami, kama mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi mitatu.

Ushauri haukukosekana. Jirani alisema ni virusi. Fundi wa mjini, bila hata kuigeuza upande wa pili, alisema madabodi imeungua na akanitajia bei. Wengine wakanitumia maelekezo marefu yanayoanza na "fungua kompyuta yako". Ningeweza kuifungua ningekuwa natafuta maelekezo?

Aliyeniokoa ni mtoto wa jirani, mwanafunzi. "Mzee, hiyo ni draiva tu." Bonyeza Esc menyu ya kuwashia, yaani GRUB, itokee, akasema, na uibonyeze kwa upole, kwa maana ukiishindilia unatupwa kwenye skrini nyeusi yenye neno grub> na alama inayopepesa, ikisubiri useme jambo la busara. Kisha herufi e. Kisha, mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, andika nomodeset. F10.

Ikawaka! Zamani kazi ya kupanga skrini iliachiwa programu nyingine. Kuanzia mwaka 2009 kiini cha Linux kikaanza kujitwika kazi hiyo chenyewe, mapema kabisa, na draiva isipoelewana na kadi vyote vinakwama mlangoni. Neno lile linakiambia kiini: skrini iache ilivyo. Herufi zilitokea nene kama za kibao cha saluni. Nilizipenda, macho yangu yana umri wake.

Kijana hakuridhika. Lazima tuweke draiva yenyewe, akasema, maana neno lile likiandikwa pale linadumu mara moja tu. Tukaiweka. Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha, ikaikataa kwa kukosa saini inayoitambua, ikataka nenosiri, tukalitunga, tukaizima laptopu na kuiwasha ili tuulizwe nenosiri lile lile. Sasa picha zinang'aa, na kijana anakuja kila jioni "kukagua draiva" kwa gemu la mpira.

Leo asubuhi kisanduku kimejitokeza pembeni: kiini kipya kimeshapakuliwa, tafadhali zima na uwashe upya. Izimwe na nani?