Kuku wa Asilimia Nne

Nyumbani kwangu wote tunakula bila maelezo, isipokuwa paka. Maharage yanatoka gengeni kwenye mfuko usio na neno hata moja, na hakuna aliyewahi kumuuliza muuza mchele kuhusu protini. Lakini Tajiri, paka aliyeletwa na binti yangu, chakula chake kinatoka Ulaya, na nyuma ya pakiti kuna maandishi ya lugha kibao. Kiswahili hakimo.

Mbele wameweka picha ya kuku mzima, mnono, kachomwa hadi anang'aa, pembeni karoti na njegere. Geuza pakiti. Kwa herufi za kuwashia tochi ya simu utasoma: nafaka, nyama na mazao ya wanyama, halafu kwenye mabano, kuku 4%. Mpishi wa harusi akileta pilau la kuku la namna hiyo, wazee watamshikilia uani mpaka arudishe hela. Kwenye kilo nzima kuku ni gramu 40. Kipapatio kimoja kinazidi. Wala si ujanja wa kiwanda kimoja. Ndio utaratibu wao huko: ukiandika "yenye kuku", inatosha 4%, ukiandika "kuku kwa wingi", uwe na 14%, ukiandika "ladha ya kuku", hata hiyo nne hudaiwi.

Karoti na njegere zimechorwa kwa ajili yangu mimi mwenye pochi. Paka hawezi kuigeuza karoti kuwa vitamini A kama tunavyoweza sisi; anaitaka iliyo tayari, ya kwenye maini na mafuta ya wanyama. Na sukari haisikii kabisa, ulimi wake hauna habari nayo.

Halafu majivu, 8%. Nilimpigia daktari wa mifugo nikiwa nimesimama palepale dukani, mlinzi ananitazama kwa jicho la pembeni. "Mzee, hawajaweka majivu," akasema. "Chakula kinachomwa maabara, kinachobaki ndicho kinachopimwa. Ni madini hayo, kalisi na fosforasi." Sawa, lakini jiko la mkaa liko uani kwangu, mtu akiniuzia majivu lazima nishtuke.

Na hesabu zao! Chakula kikavu protini 30%, cha majimaji 8%. Utakimbilia kikavu. Daktari akanikataza: toa maji kwanza. Cha majimaji kina unyevu 82%, kwa hiyo kitu chenyewe ni 18%, na 8 katika 18 ni kama 44%. Kikavu kina unyevu 10%. 30 katika 90 ni 33%. Yule mnyonge kashinda. Wanga haukuandikwa popote, utoe mwenyewe kila kilichotajwa kwenye mia uone kinachobaki. Mimi nilikuja kununua chakula cha paka, si kurudia darasa la saba.

Jirani yangu ana dawa ya yote haya: "Mpe ugali na mchuzi, paka wa mama yangu waliishi hivyo." Waliishi, ndiyo, kwa sababu usiku walikula panya na mijusi wa mtaa mzima. Hapa sina mzaha. Paka anahitaji taurini, naye mwilini hatengenezi ya kutosha. Iko kwenye nyama na samaki. Kwenye mahindi hakuna. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walionyesha kwamba paka waliokuwa wakifa kwa moyo kutanuka walikuwa wamepungukiwa taurini, tena wengine walikuwa wakila chakula cha dukani. Walipoongezewa, mioyo ikarudi. Viwanda vikaanza kuiongeza. Ndiyo maana chakula cha mbwa, ambacho shemeji yangu anakisifu kwa unafuu, hakimfai paka: mbwa wengi huitengeneza wenyewe, hivyo mwenye kiwanda halazimiki kuiweka.

Shemeji huyohuyo alituletea katoni ya vikopo vya jodari vya ofa. Binti akageuza kimoja. "Mjomba, hiki ni cha ziada, si chakula kamili." Maneno hayo mawili, "chakula kamili", ndiyo yanayobeba kila kitu, na ndiyo waliyoyaficha karibu na mistari ya bei.

Mwisho kuna jedwali: paka wa kilo 4 ale gramu kadhaa kwa siku. Kilo ngapi, nani anajua? Nikambeba Tajiri hadi kwa kijana mwenye mizani kituoni. Nikapanda naye, nikashuka, nikampa binti, nikapanda peke yangu, tukatoa.

"Paka hana neno, mzee," kijana akasema, "ila wewe punguza wali wa usiku." Kisha akadai hela ya watu wawili.