Muulize Shangazi wa Soni

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa Vuga, nasoma uzamili Pune, India. Kazi niliyokuwa naiota tangu kidato cha sita ilitangazwa, nikaomba, na jina langu likatoka kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili Dodoma. Siku hiyohiyo nina mtihani huku! Nafasi kaipata mwenzangu wa sekondari, yule aliyekuwa akinakili hesabu kwangu. Hata chakula hakipiti. Nifanyeje?
– Mwenye Uchungu

Marahaba mwanangu. Kwanza kula. Usaili ni kama msiba: pole za aliye mbali hupokelewa kwa heshima, ila wali wanakula waliofika.

Lakini usijidanganye kwamba ungekuwa nyumbani ungepata. Wewe ni mtu wa Vuga, mambo haya umeyasikia kwa wazee. Mfalme wa Wasambaa, Kimweri ye Nyumbai, alipofariki mwaka 1862, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Nasaba anayo, sifa zote za mwombaji anazo, na yupo Vuga penyewe, makao ya mfalme. Huko chini Mazinde kuna baba yake mdogo, Semboja, kakaa zake kwenye njia ya misafara: bunduki zinapita kwake, habari zinapita kwake. Haikutimia miaka kumi, Shekulwavu kafurushwa. Na Semboja hata hakuhamia mlimani! Kiti alimpa mwanawe, Kimweri Maguvu, yeye akabaki Mazinde kwenye biashara yake. Siku hizo hapakuwa na Sekretarieti ya Ajira wala pa kupeleka malalamiko.

Kwa hiyo anayekaa Vuga anaweza kukosa, na anayekaa njiani akapata bila kupanda kilima. Njia ya leo ni makaratasi. Shahada ya nje haihesabiki mpaka Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iitambue, na watu huikumbuka tume hiyo tangazo likishabakiza siku mbili. Wewe anza mara tu ukikabidhiwa cheti. Cheti cha kuzaliwa kisikae kwa baba yako mdogo (huyo wako, si Semboja, ingawa sijamwona). Wala usimtume akakae kwenye kiti cha usaili kwa niaba yako. Najua kajitolea, na najua kashaijaribu suti yako.

Matangazo mengi ya serikali yanataka mwombaji asizidi miaka 45. Una muda wa kukosa nafasi nyingine kadhaa.

Na usimpigie mama usiku ukilia. Kabla ya jua kuchomoza wauza mapeasi wote hapa Soni watakuwa wanakupa pole.

Shangazi, mimi ndiye niliyeipata kazi hiyo. Mwenzangu akirudi kutoka India, nimwambie nini?
– Mwajiriwa Mpya

Kumbe mpaka leo majibu bado unatafuta kwa wengine?