Swichi ya Foo-wili Katika Tope la Sikonge

Mfumo wa kompyuta unaoyapa nguvu magurudumu yote manne ya pikapu, ambao madereva wa Tabora huuita kwa ufupi foo-wili ya umeme, ni miongoni mwa vitu ambavyo kila mtu wilayani Sikonge ana ushauri kuvihusu na karibu hakuna aliyewahi kusoma kitabu chake. Kitabu hicho kwa kawaida hukaa katika kisanduku kilicho mbele ya abiria, kikiwa bado ndani ya nailoni yake, chini ya risiti za mafuta na karanga zilizosahauliwa, na hutolewa siku moja tu katika maisha ya gari, nayo ni siku ya kuliuza. Misukosuko mingi itakayoelezwa hapa inaanzia kwenye nailoni hiyo, kwa maana swichi ya duara iliyochukua nafasi ya ule mkono mfupi wa gia inaonekana kama amri, ilhali haikuwa amri hata siku moja: ni ombi, na yeyote aliyewahi kufuatilia jambo ofisini anajua kwamba ombi huweza kukaliwa.

Ardhi ya Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, haimpi mtu nafasi ya kuidharau foo-wili. Penye miinuko ya miombo kuna mchanga ambao wakati wa kiangazi humeza tairi polepole, na katika mabonde, yaani mbuga, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukikauka hupasuka na ukinywa maji hunata, huteleza na kutitia kwa wakati mmoja, jambo ambalo mtu asiyefika huko hudhani haliwezekani. Kifuku, yaani majira ya mvua, huanza kwenye Novemba na kuendelea hadi Aprili. Ni kweli kwamba barabara ya Tabora hadi Mpanda inayopita Sikonge na Ipole sasa ina lami, lakini tumbaku hailimwi juu ya lami, na nyuki wa porini kule Ipole hawajapata habari zake.

Tatizo lenyewe ni la zamani kuliko magari. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, ambao kila mmoja alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani takriban kilo 32, kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi pwani, walikuwa pia wakulima, hivyo walipendelea kusafiri kiangazi na kuwa nyumbani wakati wa kupanda, na kwa utaratibu huo walizikuta mbuga zikiwa kavu, busara ambayo hadi leo haijawekwa katika kompyuta ya gari lolote. Wageni waliotaka kuachana na wapagazi walijaribu njia nyingine. Wamisionari wa London walianza safari mwaka 1877 na magari ya kukokotwa na ng'ombe, lakini ng'ombe wakaishia njiani kabla ya Unyanyembe. Mwaka 1879 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alileta tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani karibu na Dar es Salaam na kuongozwa bara kuelekea Karema, kwenye Ziwa Tanganyika. Tembo ana miguu minne inayosukuma yote na hahitaji swichi, lakini si wote waliofika, na mradi ukafa.

Ili kuelewa mambo yanavyokwenda kombo, ni lazima kwanza kuelewa yanavyokwenda sawa. Nyuma ya giaboksi ya pikapu kuna sanduku la pili liitwalo transifa, ambalo kazi yake ni kuigawa nguvu ya injini. Swichi ikiwa kwenye 2H, nguvu yote huenda nyuma kupitia propela, ule mhimili mrefu unaozunguka chini ya gari. Ikiwa kwenye 4H, pete yenye meno iliyomo ndani ya transifa husogea na kuiunganisha propela ya mbele na ya nyuma ili zizunguke kwa kasi moja. Na ikiwa kwenye 4L, gia ya ziada hupunguza mwendo na kuzidisha nguvu ya mzunguko takriban mara mbili na nusu, ili gari litambae mahali ambapo haraka haina faida. Katika Land Rover na Land Cruiser za zamani pete hiyo ilisogezwa kwa mkono wa dereva mwenyewe, na kabla ya hapo ilibidi mtu ashuke akafunge kwa vidole vifungio vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele, ambavyo vinapohitajika huwa vimekwisha kuzama. Kwa desturi kazi hiyo iliachiwa utingo, aliyeifanya akiwa amepiga magoti topeni huku mbung'o, wadudu wanaokipenda sana chombo kinachotembea na kumpenda zaidi mtu aliyeshuka ndani yake, wakimchoma mgongoni kupitia shati.

Umeme ulikuja kumwokoa utingo. Mitambo ya aina hii ilianza kuonekana katika magari ya Marekani miaka ya 1980, na baadaye pikapu za kawaida kama Ford Ranger iliyotoka mwaka 2011 na Toyota Hilux iliyotoka mwaka 2015 zikauondoa mkono wa gia na kuweka swichi; Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kuundwa mwaka 1984, bado inaushikilia ule mkono, na wenye nayo hawachoki kuwakumbusha wenzao. Dereva anapozungusha swichi, kinachotokea ni kwamba ombi lake hupelekwa kwenye kompyuta ndogo, ambayo mafundi huiita kontrol boksi, nayo kabla ya kutenda lolote huanza kuuliza maswali ya karani makini: gari linakwenda kasi gani, gia iko wapi, pete imesimama wapi kwa sasa, betri ina nguvu ya kutosha? Majibu huletwa na sensa, yaani vipimaji vidogo vilivyopachikwa penye magurudumu, giaboksi na transifa. Kompyuta ikiridhika, hupeleka umeme kwenye mota ndogo iliyo ubavuni mwa transifa, mota huzungusha mhimili mfupi, mhimili husukuma uma wa chuma, na uma huisogeza ile pete. Sensa nyingine hutoa taarifa kwamba pete imefika, na hapo tu ndipo taa ya dashibodi, iliyokuwa ikipepesa, hutulia.

Kupepesa kwa taa hiyo ndiko kunakowaponza wengi. Magari mengi hukubali kuingia 4H yakiwa yanatembea, mengine hata katika mwendo wa kilomita 80 au 100 kwa saa, lakini 4L haikubaliki mpaka gari lisimame kabisa na gia iwe huru. Dereva aliyekwama katikati ya mbuga, akiwa amekanyaga mafuta kwa hasira na gia ya kwanza iko ndani, huzungusha swichi hadi 4L, na kompyuta, ikiona magurudumu yanazunguka kwa kasi kubwa, huamini kwa nia njema kabisa kwamba mheshimiwa yuko safarini na kulihifadhi ombi lake. Taa hupepesa. Dereva hurudisha swichi 2H, kisha 4L tena, na kila mara ombi huanza upya. Baada ya hapo hutoka kauli inayosikika kila kifuku kutoka Sikonge hadi Rungwa, kwamba foo-wili ya umeme ni ya mjini, ingawa muda wote huo mfumo haukuwa na kasoro yoyote isipokuwa utii.

Msiba wa pili hutokea kwenye lami, na huwapata hasa watu waliofanikiwa kutoka topeni. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele huchora duara kubwa kuliko ya nyuma. Kwa pikapu yenye mita 3.1 kati ya ekseli mbili, ikiwa katikati ya ekseli ya nyuma inazunguka umbali wa mita 5 kutoka kitovu cha duara, ekseli ya mbele katika mzunguko mmoja kamili husafiri kiasi cha mita 5 na nusu zaidi ya ya nyuma. Katika 4H propela mbili zimefungwa pamoja na haziwezi kupishana, kwa hiyo tofauti hiyo lazima itafute mahali pa kwenda: topeni tairi huteleza kidogo na mambo yakaisha, lakini lami haiteleziki, na mvutano wote hubaki umejikaza ndani ya vyuma. Dereva aliyeiacha 4H kwa sababu ameilipia hufika mjini Tabora akiwa mshindi, huingia kituo cha mafuta kwa kona kali, na hapo usukani huwa mzito, tairi hulia, gari huruka-ruka, na washauri wa bure hujitokeza kutoka kila upande, mmoja akisema ni beringi, mwingine ni difu, na wa tatu, ambaye hana gari, akitaja bei ya giaboksi nzima. Anapokumbuka kurudisha swichi kwenye 2H, taa hupepesa bila kutulia, kwa kuwa meno ya pete yamebanwa na mvutano ule ule, na mota ndogo haina nguvu ya kuyachomoa. Dawa yake ni kurudi nyuma mita chache katika mstari ulionyooka, na haiuzwi dukani, jambo ambalo pengine ndilo linaloifanya ipendekezwe mara chache.

Lipo pia suala la idadi. Difu, yaani gia zilizo katikati ya kila ekseli, huruhusu magurudumu mawili kupishana kasi penye kona, lakini gurudumu moja likikosa mshiko, difu hulizungusha hilo na kumwacha mwenzake amesimama, hivyo mwenye gari hugundua kwamba kati ya magurudumu manne aliyonunua, mawili yanarusha tope na mawili yanatazama. Kompyuta za siku hizi hulitatua hilo kwa breki: sensa zikiona gurudumu moja linazunguka bure, breki yake pekee hubanwa kwa vipindi vifupi, na nguvu hulazimika kwenda upande wa pili. Utaratibu huo una sauti, tena sauti mbaya ya kukwaruza na kugonga, ambayo humtisha dereva akaachia mafuta sekunde ile ile gari lilipoanza kutoka.

Sensa hizo hizo ndizo zinazochanganyikiwa na tairi mitumba. Tairi mpya likifungwa mbele na lililokwisha likabaki nyuma, lile dogo hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi, na kompyuta, isiyojua bajeti ya mtu, huhesabu kwamba gurudumu linateleza kwenye lami kavu mchana kweupe. Kuhusu panya, inatosha kusema kwamba gari linaloegeshwa karibu na karanga zilizovunwa huliwa nyaya zake, na kwamba fundi anayelitibu kwa kuunganisha mota ya transifa moja kwa moja kwenye betri ameiondoa sensa inayojua mahali pa kusimama, kwa hiyo mota huendelea kusukuma hata pete ilipokwisha fika, mpaka harufu itoe taarifa.

Mwenye safari ya kuingia porini kutoka Ipole kifuku hiki na azungushe swichi hadi 4H angali kwenye ardhi kavu, asubiri taa itulie kabla ya kuigusa mbuga, na akihitaji 4L asimame, aiweke gia huru, na asiguse swichi mara ya pili. Akirudi kwenye lami, aiweke 2H kabla ya kona ya kwanza. Koleo nalo libebwe.