Jinsi ya Kung'oa Nyasi Lavington na Kupunguziwa Ushuru

Kwanza hakikisha unazo nyasi za kung'oa. Mwongozo huu haumhusu mtu wa Kangemi, ambaye ua wake ni kamba ya nguo na foleni ya mitungi. Unakuhusu wewe wa Lavington, Loresho au Karen, mwenye robo ekari ya kijani mbele ya nyumba, inayomwagiliwa kila jioni hata wiki ambayo mfereji umetoa hewa tupu tangu Jumatatu. Maji yako hutoka kisimani, chini kabisa kwenye mwamba, au huletwa na lori.

Nyasi zikishathibitishwa, jifunze kidogo kuhusu Ndakaini ili uwe na la kusema kwenye mkutano wa wakazi. Bwawa hilo la Murang'a hubeba mita za ujazo milioni 70, na ndilo linaloinywesha sehemu kubwa ya Nairobi. Lilipopungua, mgao wa maji ukaanza Januari 2017. Mvua zimenyesha na hata kufurika tangu hapo, mgao bado upo. Jiji hupata takriban mita za ujazo 525,000 kwa siku, na linahitaji zaidi ya 800,000. Taja tarakimu hizi kwa sauti ya huzuni, kisha mkumbushe mtunza bustani asiisahau ile kona ya karibu na geti.

Sasa dai haki yako. Wenzako wa California walilipwa. Mwaka 2014, ukame ulipowabana, shirika la maji la kusini mwa jimbo hilo lilitoa dola 2 kwa kila futi mraba ya nyasi iliyoondolewa na kupisha mimea isiyo na kiu. Robo ekari ni futi mraba 10,890, kwa hiyo ungeondoka na dola 21,780. Las Vegas wanalipia nyasi tangu 1999, na sheria ya Nevada ya 2021 inakataza, kuanzia 2027, kutumia maji ya Mto Colorado kwenye nyasi za maofisini na kando ya barabara ambazo kazi yake ni kutazamwa tu. (Jiulize ni nani amewahi kukanyaga zako, mbali na yule anayezikata.)

Kuna utamu zaidi. Nyasi za kikuyu ni za nyanda zetu za juu. Zilipelekwa California mwanzoni mwa karne ya 20 kuzuia mmomonyoko wa udongo, na leo zimo kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya magugu hatari. Huenda kuna mtu Los Angeles aliyelipwa dola kutupa kitu ambacho wewe ulikinunua kwa gunia pale Ngong Road.

Ukiwa na hoja hiyo kwapani, nenda City Hall ukaombe upunguziwe ada ya ardhi. Hapa njia inaanza kuwa na miiba. Ploti ya makazi Nairobi hutozwa ada ya asilimia 0.115 ya thamani ya ardhi kwa mwaka, na ni ardhi peke yake: mthamini huitazama kana kwamba hapajawahi kujengwa wala kupandwa kitu. Ikithaminiwa shilingi milioni 50, utalipa 57,500 ukiwa na nyasi, 57,500 ukiwa na mkonge, na 57,500 ukimwaga lami mpaka ukutani. Mwonyeshe karani picha za shubiri zako. Atazisifu, maana amelelewa, kisha atakuelekeza mahali pa kulipia.

Usikate tamaa, jaribu mamlaka ya mapato, KRA. Kama una nyumba za kupangisha, sema bustani ni gharama ya biashara. Utaulizwa unalipa ushuru upi. Ule wa mapato ya nyumba za kupanga, ulioshuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5 Januari 2024, hukatwa kwenye kodi yote unayopokea bila kuondoa gharama yoyote, iwe ya paa au ya maua. Ukisema basi utafuata utaratibu wa kawaida, ule unaoruhusu gharama, utaambiwa ulete ankara ya kielektroniki ya eTIMS. Rudi basi kando ya barabara kwa kijana aliyekuuzia miche.

"Risiti ya nini tena, bosi? Maua si yameshika?"

"Ni ya KRA."

"Waambie waje wenyewe, nitawauzia bei ya jioni."

Sasa, kwa msomaji mvumilivu, siri yenyewe. Nafuu ipo, na haihitaji jembe: usilipe. Ada ya ardhi inatakiwa kufikia mwisho wa Machi, na ukichelewa riba huongezeka kila mwezi. Iache iongezeke. Kaunti ikikosa pesa hutangaza msamaha wa riba na faini, na imefanya hivyo chini ya zaidi ya gavana mmoja. Jirani yako aliyelipa mapema hapati hata ahsante. Tahadhari moja tu: kanjo, watu wa kaunti, wana siku zao. Februari 2025 malori yao yalimwaga taka nje ya Stima Plaza, makao ya Kenya Power kule Parklands, kwenye mvutano wa madeni na kampuni hiyo. Ukichagua njia hii, jenga geti refu.

Wapo wachache wanaotaka kung'oa nyasi bure, kwa sababu tu wameona aibu. Nawaheshimu, na kwao nasema bila mzaha: pandeni Machi, mvua ndefu zikianza, shubiri, mkonge na bogenvilia, na kufikia Agosti mtakuwa mmesahau mpira wa maji uko wapi. Nunueni miche iliyooteshwa kitaluni. Msichimbue shubiri mwitu kando ya barabara ya Magadi; zilipigwa marufuku kuvunwa porini tangu 1986, kwa amri ya rais.

Wengine wote wataishia kwenye matofali ya kabro. Kileleshwa na Kilimani walishamaliza ubishi huu: nyumba ya chini iliuzwa, ghorofa zikapanda, na ua mzima ukafunikwa kabro. Nyasi hakuna, na mvua nayo haina pa kuingilia. Aprili maji hukimbilia barabarani, na wapangaji huvuka viatu mkononi. Juni vumbi likitua, msimamizi wa jengo huchomoa mpira na kuiosha kabro kila asubuhi, jiwe kwa jiwe, mpaka ing'are kama sahani. Mwambie aanze saa kumi na mbili kamili, kabla mgao haujahamia mtaa wa pili.