Sifa za Begi la Kuburuza

Kila mtu na asifu apendacho. Mimi nalisifu begi la kuburuza, lile lililoshindiliwa noti, maana wanaharakati wamelionea mno. Nitajieni mtumishi wa siasa aliye mwaminifu kama hilo: halidai mshahara, halihami chama, halijazi fomu, na likifikishwa mbele ya mpelelezi linanyamaza kimya.

Hata tarehe linajua kuchagua. Desemba 9, 2022, siku ambayo dunia huadhimisha mapambano dhidi ya rushwa, Messi akiwa Qatar kwa robo fainali ya Kombe la Dunia, polisi wa Ubelgiji walipekua nyumba kadhaa Brussels. Kwa Pier Antonio Panzeri, aliyewahi kuwa mbunge wa Bunge la Ulaya, walikuta takriban euro 600,000. Baba wa Eva Kaili, wakati huo mmoja wa makamu wa rais wa bunge hilo, alinaswa akitoka hotelini na begi lenye mamia ya maelfu ya euro. Wiki chache kabla, Kaili alisimama bungeni kuimwagia Qatar sifa za haki za wafanyakazi. Qatar, iliyoshukiwa kutoa pesa hizo, ilikana kuhusika, Kaili naye akakana. Panzeri, Januari 2023, alikubali kusema yote ili apunguziwe adhabu. Begi halijasema neno.

Na tusilisingizie kwamba liliruka sheria. Wabunge wale wana rejista ya washawishi tangu 2011: andika jina, taja bajeti, vaa beji. Ila shirika la Panzeri, ambalo eti lilipambana na wahalifu wasioadhibiwa, halikuwamo, na serikali za nje hazikutakiwa kujiandikisha. Aliyebanwa ni yule mwenye ofisi, risiti na vipeperushi. Baada ya fedheha Rais wa Bunge, Roberta Metsola, alitoa mapendekezo 14, na wabunge wanaoondoka wakapangiwa eda ya miezi sita kabla ya kurudi kushawishi wenzao. Mjane wetu hukaa miezi minne na siku kumi tu, kwa hiyo Ulaya wamejitahidi. Begi lenyewe halikai eda.

Wala tusiwacheke. Tanzania iliwahi kuingiza takrima ndani ya sheria ya uchaguzi, mgombea akaruhusiwa kukirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Hapo begi lilikuwa na baraka za Bunge, Brussels hawajafika.

Wasiojua thamani ya begi wako Qatar kwenyewe, West Bay, Doha, wakilinda milango: Wakenya, Waganda, wengi wao wakidaiwa bado na waliowakopesha pesa ya wakala. Kima cha chini tangu Machi 2021 ni riyali 1,000 kwa mwezi, mbali na posho ya chakula na malazi. Mlinzi asiyetuma hata senti nyumbani angezifikia zile euro za Panzeri kwa miaka kama 190.

Mmoja wao, Mkenya Malcolm Bidali, alijaribu ushawishi kienyeji. Akaandika mtandaoni, kwa jina la bandia, jinsi walinzi wanavyolazwa na kufanyishwa kazi. Hakumletea mtu chochote, na mkono mtupu haulambwi. Mei 2021 akakamatwa, akafungiwa karibu mwezi mzima, kisha akahukumiwa kwa kueneza habari za uongo. Faini ilikuwa riyali 25,000, yaani kima cha chini cha miezi 25, na haikuhitaji begi kubwa.