Ipo, Iko, Imo: Utangulizi wa Elimu ya Kutoonekana

Wanafunzi wa Kwale huhangaishwa na vijineno viwili vya Kiingereza, "a" na "the". Huambiwa kuwa aendaye "to school" ni mwanafunzi, bali aendaye "to the school" huenda ni mzazi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Kisha huambiwa kuwa Kiswahili hakina vitu hivyo. Uchunguzi wetu kati ya Likoni na Vanga, uliofanywa zaidi vivulini, umebaini kuwa tunavyo vitatu: po, ko na mo. Mwingereza hubainisha kitu. Sisi hubainisha kilipo.

Kanuni. Wanaisimu wameviweka katika ngeli za 16, 17 na 18: po ni mahali dhahiri, ko si dhahiri, mo ni ndani. Ushahidi ni Shimoni. Shimoni pana gati, nawe waweza kuionyesha kwa kidole. Shimoni kuna joto, kwa jumla. Shimoni mna popo, na hapo umeshaingia pangoni, katika shimo lenyewe lililoupa mji jina.

Aina ya kwanza: ya samaki. Mama karanga wa Msambweni, yule mkaanga samaki, akisema tafi "wapo", toa pesa. Akisema "wamo", inama uchungulie ndoo. Akisema "wako", usifurahi ukadhani ni wako wewe. Wako baharini, na wala hajui upande gani.

Aina ya pili: ya safari. Asemaye "nipo Likoni" anaiona feri. Asemaye "nimo" keshapanda, teleka chai. Asemaye "niko njiani" hafungwi na lolote, kwa kuwa njia yaanzia Lungalunga, na baadhi ya wataalamu hushikilia kuwa yaanzia kitandani.

Aina ya tatu: ya madeni. Mdai hupiga hodi: "Baba yupo?" Mtoto aliyelelewa vyema hujibu, "Yuko." Hakusema uongo, baba yuko, duniani. Mtoto asiyefundwa hujibu, "Yumo," na baba, akiwa uvunguni, huisikia sarufi ya mwanawe ikimtia hasarani.

Tanbihi. Wageni wa bara washukao Diani mwezi wa Disemba huja na kimoja tu: iko. Samaki iko, chumba iko, shida iko. Katika sarufi ya namna hiyo mdeni hana pa kujificha, na pengine ndiyo sababu wageni hao hulipa papo hapo.

Hitimisho. Mhariri aliponipigia simu kuulizia makala haya, nilikuwa sijaandika hata mstari. Nikamjibu kwa uaminifu wote wa kitaaluma: "Yako, bwana." Akashukuru sana, akidhani nimeshampa.