Nguruwe Hajui Kunong'ona

Kati ya mifugo yote inayolelewa pembezoni mwa Arua, nguruwe ndiye asiyejua kunong'ona. Mbuzi akikosa majani hulalamika kidogo, kisha hujitafutia kwenye bustani ya jirani. Nguruwe akicheleweshewa chakula robo saa hupiga ukelele wa mtu anayechinjwa. Jioni moja katekista aliingia uani kwetu mbio, amekuja kunipatanisha na mke wangu, Mama Joyi, akatukuta tumekaa chini ya mwembe tunamenya muhogo. Hakuamini mpaka tulipompeleka bandani kumwonyesha mgomvi mwenyewe.

Huyo alikuwa mmoja. Baadaye akazaa kumi na mmoja. Nguruwe jike hubeba mimba siku 114, ambazo wafugaji huzikariri kuwa miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, na wetu alichagua usiku wa mvua, umeme umekatika, jambo ambalo halikumshangaza mtu miaka ile kabla West Nile haijaungwa kwenye gridi ya taifa. Mtoto wa nguruwe aliyezaliwa leo anahitaji joto la zaidi ya digrii 30, na mama yake akijilaza ovyo anaweza kumbana mwanawe asijue. Ikabidi ukoo mzima uhamie jikoni kwetu, ndani ya sanduku kando ya jiko la makaa, nami nikawa mchukuzi: kuwapeleka kunyonya, kuwarudisha, kuwapeleka tena. Katika siku hizo za mwanzo kila mtoto hujitwalia chuchu yake na hataki kuiacha. Zile za mbele, zenye maziwa mengi, hupiganiwa kama viti vya mbele vya teksi ya Koboko.

Siku ya tatu daktari wa mifugo alileta sindano ya madini ya chuma, kwa kuwa maziwa ya mama hayana ya kutosha na watoto wa bandani hawana udongo wa kufukua. Kila aliyechomwa alitangaza. Wapita njia walikuwa wameshazoea. "Leo sindano?" waliuliza tu, wakaendelea na safari.

Walipoachishwa ziwa, shemeji yangu mwalimu aliomba wawili. Yeye anafundisha Koboko, chini ya kilomita 60 kaskazini, karibu na pale Uganda inapokutana na Kongo na Sudan Kusini. Koboko ina Waislamu wengi, na shemeji alikuwa amepanga chumba kwa Hajati mmoja mwenye heshima zake. "Shemeji," alininong'oneza kwenye simu, "waje gizani. Asijue mtu."

Siri ilianza kuvuja ofisini. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, ikiingia kijijini hufagia mabanda, kwa hiyo nguruwe hasafiri bila kibali. Karani, mtu wa kupenda uhakika, alisoma changu kwa sauti mbele ya foleni: nguruwe wawili, kutoka Arua kwenda Koboko. Akagonga mhuri. Mzee mmoja nyuma yangu akaniuliza nauza bei gani.

Niliwashibisha uji, wakasinzia ndani ya kiroba chenye matundu, nikawasukuma chini ya kiti cha katikati cha teksi. Lami ya Vurra hadi Oraba ni laini, nao walilala kama watu waliolipa nauli. Kisha tukapanda tuta. Ukelele uliotoka pale uliwanyamazisha abiria wote. Kondakta, ambaye nilikuwa nimemwongezea kidogo juu ya nauli, alisema ni breki. Dereva akaumia kwa ajili ya breki zake, akasimamisha gari, akashuka kukagua magurudumu yote manne.

Mama mmoja mzee kwenye kiti cha mbele, ushungi wake mweupe haujakunjika hata kidogo, hakugeuza shingo.

"Breki haikojoi," alisema.

Tukatazama chini. Kijito kilikuwa kinaelekea kwenye kapu lake.

"Mwenye nguruwe awatoe hapo, awaweke nyuma kabisa. Na afungue mdomo wa kiroba wapumue. Mnyama hateswi." Hata dereva alishika kiroba upande mmoja.

Koboko tulifika usiku. Shemeji alikuwa amejibanza chini ya mti, kofia imefika puani, tochi imezimwa. Aliponiona alinyanyua mkono. Alipomwona anayeshuka mlango wa mbele aliushusha.

"Asalaam aleikum, Hajati."

"Wa aleikum salaam, Mwalimu. Wageni wako wamefika."

Shemeji akaanza kueleza mambo ya miradi ya walimu na ugumu wa maisha. Hajati akamkatiza. Kwake hawalali, alisema, wala wasipitie kisimani. Ila yule mama anayepika pombe ya kwete ng'ambo ya mto ana banda tupu, na machicha hawatakosa. "Hujamuuliza mtu, utajuaje? Twendeni."

Tukaenda, shemeji mbele na tochi yake, mimi na kiroba begani, vijana wawili ndani wakiimba kwa nguvu zote, na Hajati nyuma akituongoza kwa sauti iliyofika hadi sokoni:

"Mwalimu! Kata kushoto! Mbona unawapeleka msikitini?"